Ati sentensi yangu imevaa kiatu na champali!

Binti Kisauni: Ndugu zangu, ninaandika mikono ikinitetemeka. Yule mwalimu wa tuisheni ya jioni, mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja, leo amesoma jibu langu mbele ya darasa zima, kisha akasema kwamba sentensi yangu imevaa kiatu mguu wa kulia na champali mguu wa kushoto. Kicheko kilichofuata kilifika Likoni, abiria wakadhani feri imepiga honi. Kosa langu? Niliandika "She likes swimming, dancing and to cook." Kwetu sisi, huyo anapenda kuogelea, kucheza na kupika, "ku" tatu zimejipanga kama mahamri kwenye sinia. Kiatu na champali! Mbele ya watu 40! Amenidharau, amenivunjia heshima na matusi juu yake. Kiatu na champali, jamani!

Mzee wa Makupa: Pole, mwanangu, lakini amesema kweli. "Ku" yetu moja hufanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawia "to" na "-ing", ndiyo maana sikio lako halikushtuka. Ukiona orodha katika mtihani, tazama neno la kwanza limevaa nini, kisha uyavike yote vazi hilo hilo: "swimming, dancing and cooking".

Mjukuu wa Bibi: Mmeyaona lakini? "Amenidharau, amenivunjia heshima na matusi juu yake." Vitenzi viwili, kisha nomino ikaingia bila hodi. Hata Kiswahili chake kimevaa champali.

Binti Kisauni: Wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu. Nimekujua.

Baba Pacha: Mna bahati nyinyi. Mimi nilinyimwa alama kwa "She is not only clever but also works hard", nikaambiwa kwamba kivumishi kikifuata "not only", basi na "but also" ifuatwe na kivumishi, yaani "hardworking". Kwani huyo mama anafanya kazi kwa bidii au hafanyi?

Mama Changamwe: Afadhali wewe. Mwanangu aliandika "Walking is better than to run", akachorewa mstari mwekundu uliotoboa karatasi hadi ukurasa wa pili.

Mzee wa Makupa: Angeandika "running", mama. Vinavyolinganishwa navyo huvaa sare.

Baba Pacha: Na "prefer" je? Ni "tea than coffee" au "tea to coffee"?

Binti Kisauni: Jamani, uzi huu ulikuwa wa kiatu na champali.

Mama Changamwe: Ni "to", baba. Sasa nani atanieleza lini husemwa "in" na lini husemwa "on"?