Kisu cha kukunja cha kila siku: Okapi, Opinel au kile chekundu cha Uswisi?

seremala_wa_tanga:
Wakuu salama? Naomba ushauri. Nataka kisu cha kukunja cha kukaa nacho mfukoni kila siku, siyo cha ugomvi wala cha kuringishia, kazi zake ni kumenya chungwa, kukata kamba ya mzigo, kufungua boksi, kuchonga penseli nikiwa kazini basi. Sitaki hivi vya kisasa vyeusi vyeusi vyenye meno kama vya kwenye muvi, nataka vile vya kizamani vyenye mpini wa mti. Kuna jamaa yuko Ufaransa anarudi wiki hii anaweza kuniletea Opinel namba 8, dukani nimeona Okapi, na mzee nyumbani ana kile chekundu cha Uswisi chenye mkasi anasema kinatosha hicho. Sasa huku kwetu hewa yenyewe ya chumvi, nasikia Opinel inakula kutu usiku mmoja tu, ni kweli? Halafu ukitembea na kisu si unaonekana mhuni?

mchonga_miko:
Opinel mkuu usijiulize mara mbili. Kile kisu alikianzisha Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, milimani Ufaransa, kwa ajili ya wakulima na wachungaji, na mpaka leo hakijabadilika sana: bapa, mpini wa mti, na ile pete ya chuma shingoni unayoizungusha kisu kisikufungie vidole. Pete yenyewe ilikuja baadaye, 1955.

Kuhusu kutu, ziko aina mbili. Kikiwa kimeandikwa Inox hicho hakishiki kutu kirahisi. Kile cha kaboni ndo kinataka uangalizi, ila ndo kitamu kunoa. Ukimenya chungwa bapa linageuka kijivu, lina mawingu mawingu ya bluu, watu wanakimbilia kusugua na majivu wakidhani kimeharibika. Kiache!! Ile rangi inasaidia kuzuia kutu nyekundu, na hiyo nyekundu ndo mbaya. Futa ukimaliza, usikikunje kikiwa na maji, paka mafuta ya nazi kidogo sana, yatosha.

Kinachoudhi kwa sisi wa pwani ni mpini. Mti ukinywa unyevu unavimba, kisu kinagoma kufunguka, utavunja kucha bure. Gonga kitako cha mpini kwenye meza, bapa linachungulia lenyewe unalishika. Wenyewe Savoie wanafanya hivyo hivyo.

kisauni_leicester:
Mie mtu wa Mombasa ila niko Uingereza, nawaambia walio huku msije mkanunua kwa mapenzi mkajikuta kwa polisi. Sheria ya hapa ya mwaka 1988 yaruhusu utembee na kisu cha kukunja kisicho na loki na makali yake yasizidi inchi 3. Sasa hiyo pete ya Opinel namba 8 ni loki, ukikutwa nayo barabarani bila sababu ya maana una kesi. Ndo maana mie natembea na hicho hicho chekundu cha Victorinox, cha kawaida chenye springi tu, hakina loki. Wallahi mzee wako si mjinga, mkasi wake nautumia kuliko kisu chenyewe.

mtoto_wa_ituri:
Mbona Okapi mnaipita kama haipo? Kilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya kuuzwa makoloni ya Afrika, na okapi mwenyewe, yule mnyama wa msitu wetu wa Ituri, wazungu walikuwa ndo wamempa jina la kisayansi mwaka mmoja kabla. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Kinalia trrk trrk ukikifungua, kukifunga unavuta kile kipete cha mgongoni. Mpini una vinyota na vimwezi. Kumaliziwa siyo kwa kifahari, ila bei yake hata kikidondoka ziwani hulii.

seremala_wa_tanga:
@mtoto_wa_ituri hiyo trrk trrk ndo naogopa kaka, nikifungua kwenye daladala nimenye chungwa abiria wote si watashuka 😂 Vipi kunoa, nimpe yule jamaa wa baiskeli anayepita mtaani?

bi_chachandu:
Usimpe mwanangu! Lile jiwe lake la kuzunguka zuri kwa panga na visu vya bucha, bapa jembamba likipata moto linageuka bluu na makali hayashiki tena. Tafuta jiwe la kunolea la pande mbili, lilowanishe, usugue bapa juu yake polepole. Kwa kumalizia hata kitako cha kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyong'aa, inafanya kazi vizuri mno.

Na uhuni ni unavyokishika. Kiweke ndani ya mfuko, siyo kuning'inia nje, usichezee ukiwa unaongea na mtu, na mtu akikiomba mpe upande wa mpini, au kikunje kwanza. Benki na uwanja wa mpira kiache nyumbani tu.

seremala_wa_tanga:
Ahsante sana mama. Basi namwambia jamaa alete Opinel. Inox au kaboni? Anapanda ndege Ijumaa.

mchonga_miko:
Kaboni. Na mwambie akiweke kwenye begi la kupakiwa chini, akikibeba mkononi kinabaki Paris kwenye ukaguzi.

bi_chachandu:
Mie nasema Inox. Wewe ni seremala, mikono ina jasho na vumbi kutwa nzima, utakumbuka kufuta saa ngapi?

mchonga_miko:
Basi alete vyote viwili, wala si ghali 😂