Shairi halina vina wala mizani, ni shairi kweli?

Mwanagenzi: Wadau habari za jioni. Naandika mashairi toka niko sekondari, juzi nikamsomea babu yangu moja halina vina (silabi za kufanana sauti), mistari mingine neno moja tu, akasikiliza mpaka mwisho akasema mjukuu wangu hiyo ni barua umeikatakata. Imeniuma maana babu ndo alonifundisha kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa vidole. Naombeni kujua haya ya kisasa yalianzia wapi, yana kanuni yoyote au kila mtu anajiandikia anavyojisikia?

Mzee wa Tarbia: Kijana, babu yako hayuko peke yake, huu mgogoro una miaka hamsini. Sisi tulisomea kitabu cha sheria za kutunga cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha 1954, mshororo (mstari) mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili), vina kati na mwisho. Kama hivi: "Bahari imetulia, mawimbi hayana neno", hesabu mwenyewe. Halafu 1974 Kezilahabi wa Ukerewe akatoa kitabu chake cha mashairi Kichomi, vina hakuna, mizani hakuna, wanamapokeo, wale wa kushika kanuni za zamani, wakawaka kwelikweli. Na mimi bado niko upande wao kwa jambo moja, shairi letu ni la kuimbwa, kina ndo kinampa mwimbaji pa kushika. Hilo lako unaliimbaje?

Binti Pwani: Shikamoo mzee. Kuimba nakubali ila Kezilahabi hakuwa wa kwanza, Ebrahim Hussein alishaanza mwishoni mwa miaka ya 60, na baadaye washairi Mulokozi na Kahigi wakasema wazi vina na mizani sio uti wa mgongo wa shairi. Walitaka lugha ya watu wanavyoongea kila siku, na mambo yaliyokuwa yanawasumbua baada ya uhuru.

Ila usasa sio umbo peke yake jamani!! Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya waraka wa siasa, akatunga mashairi ya kitabu chake Sauti ya Dhiki humohumo gerezani, anaandika kwenye karatasi za choo, na vina vyake vimenyooka huwezi kupata kosa. Umbo la wazee, uchungu wa leo.

Mwanagenzi, kanuni zipo, tena ngumu maana hakuna wa kukuhesabia. Angalia:

Bahari imenyamaza
imenyamaza
na mashua ya baba
bado

Neno limerudiwa ili usikie mtu anasubiri, na "bado" imeachwa inaning'inia (ndo mishata hiyo), ukiijazia "haijarudi" umeua kila kitu. Sasa chukua lako, unganisha mistari yote iwe aya moja. Ikisomeka vilevile bila kupungukiwa na kitu basi babu kasema kweli.

Mzee wa Tarbia: Marahaba binti. Hiyo "bado" imenikamata, sikatai.

Mwanagenzi: Nimejaribu sasa hivi, mistari sita kati ya kumi na mbili nimekata tu bila sababu, nusu nzima. Ule mwisho ndo umesimama. Narudia kuandika usiku huu, Jumapili naenda kumsomea tena babu. Kichomi naipata wapi kwa hapa Dar, hata ya mtumba?