Mrejesho: rekoda ya rili, sauti imerudi (karibu yote)

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini rekoda yangu ya rili (ile ya tepu inayozungushwa kwenye magurudumu mawili) inarekodi sauti iliyofifia na yenye "shhh" nyingi. Asanteni sana. Aliyesema nisafishe hedi (kichwa kinachogusana na tepu na kurekodi sauti) kwa pamba na alkoholi ya isopropili alipatia: pamba ilitoka ya kahawia (aibu yangu), na sauti nyembamba za juu zikarudi palepale. Nikapandisha spidi ya tepu kutoka sentimita 9.5 hadi 19 kwa sekunde, nikasogeza maikrofoni karibu na mwimbaji. "Shhh" imepungua mno, ila tepu sasa inaisha kwa nusu ya muda. Kilichogoma ni mngurumo wa umeme unaosikika kwenye rekodi. Kuweka waya wa maikrofoni mbali na transfoma kumeupunguza tu, haujaisha.