Kujifunza tango ya Argentina kwa kitabu: hatua ya tano inatushinda

Fundi wa Chikongola

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara, Chikongola. Mgeni mmoja aliniletea gauni nimwongezee mpasuo, akasema ni la kuchezea tango, dansi ya wawili, mmoja anaongoza na mwenzake anafuata; mpasuo usipopanda juu ya goti mguu hauendi nyuma vizuri. Maswali niliyomuuliza yalizidi kazi yenyewe. Siku ya kuchukua gauni akaniachia kitabu cha Kiingereza cha kujifunzia, na tangu hapo sina amani.

Mume wangu kakataa katakata. Anasema yeye mwisho wake sindimba, tena ya kutazama. Basi nacheza na wifi yangu. Jioni tukifunga tunasogeza cherehani ukutani, kitabu kinakaa juu ya meza ya kukatia. Mimi ndiye mwanamume, yaani anayeongoza, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma.

Kitabu kimechora nyayo zenye namba, 1 mpaka 8. Nimezoea kukata kwa vipimo, nikazihamishia sakafuni kwa chaki. Moja hadi nne tunakwenda. Ya tano kitabu kinataka mguu wa kushoto wa anayefuata upite mbele ya wa kulia. Wifi anaupitisha kwa sababu anaiona chaki. Nikiifuta, anasimama. Juzi kaniuliza, "Wifi, tunacheza au unanihamisha?"

Sasa naomba kujua: kuna mtu amewahi kujifunza hii kitu kwa kitabu ikakubali? Halafu muziki wenyewe hauna ngoma, mguu utue wapi? Nisaidieni mapema, minada ya korosho ikianza hapa kwangu ni vitambaa hadi usiku.

Kijana wa Ligula

Dada, YouTube imejaa walimu. Kitabu cha nini zama hizi?

Fundi wa Chikongola

Bando, mdogo wangu. Na kwenye video mguu ukishapita umepita. Kitabu nikikiacha ukurasa wa 30 nakikuta hapohapo.

Baharia wa Mikindani

Marahaba binti, hata kama hujaniamkia.

Nilikuwa melini miaka ya ujana, tukitia nanga Buenos Aires na Montevideo, bandari mbili za mto Río de la Plata, Amerika Kusini. Huko ndiko tango ilikozaliwa karne ya 19 ikielekea ukingoni. Hodari sikuwa, ila kuna bibi mmoja wa Montevideo alinitembeza ukumbini kwenda na kurudi mpaka nikachoka. Hatua ya namba hakunifundisha hata moja. Kutembea tu, na kila hatua uzito wote uhamie mguu mmoja kabla ya kuinua mwingine. Nadhani kitabu chako nacho kina sura ya kutembea, na nadhani uliiruka.

Hiyo ya tano haimo miguuni. Ukifika ya tatu wewe uko nje kidogo ya wifi yako, upande wake wa kulia. Miguu yako inakwenda mbele, lakini kifua kinabaki kimemgeukia yeye. Kwenye ya tano miguu yako inakutana na kifua kinarudi mbele. Mwili wake ulikuwa umejisokota kiunoni. Ukijisokotoa, mguu wa kushoto unajikuta umepita mbele wenyewe. Wewe nadhani kifua unakiacha kinatazama ukutani, kisha unamvuta kwa mkono. Mkono hauvuti. Chukueni kitabu hichohicho mkibane katikati ya vifua vyenu, mshikane viwiko, mtembee. Kikianguka, anayeongoza ndiye wa kwanza kuulizwa.

Na hatua ya kwanza ya kitabu, ile ya kurudi nyuma, iache. Ukumbini watu wanazunguka wote upande mmoja, kinyume cha saa. Ukirudi nyuma unamkanyaga wa nyuma yako. Anzia ya pili, ya kwenda pembeni.

Kucheza na wifi kusikutie haya. Wanaume wa Buenos Aires enzi za zamani walifanya mazoezi wao kwa wao, na wengi walianza kwa kufuata kabla ya kuongoza. Badilishaneni na ninyi. Ukifuata wewe, utajua anachokisikia mwenzio.

Mwali wa Newala

Mimi nacheza ngoma kwetu. Muziki usiokuwa na ngoma mnauchezaje jamani? Na mbona tuhangaike na mambo ya wazungu?

Baharia wa Mikindani

Ya wazungu peke yao si kweli, mama. Montevideo nimesikia ngoma za candombe barabarani, za uzao wa watumwa, watu wanatembea nazo mtaa hadi mtaa. Na meli za watumwa zilizofika Río de la Plata nyingine zilitoka Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma. Weusi wa miji ile wana mkono wao katika tango, ingawa picha za matangazo hazionyeshi.

Kuhusu mapigo: bendi yao ina bandoneoni (kinanda cha mkononi cha kukunjua na kukunja), fidla, piano na besi. Ngoma yako itafute kwenye besi na mkono wa kushoto wa piano. Fundi, anza na rekodi za bendi ya Carlos Di Sarli, anakwenda taratibu na pigo liko wazi, tembea tu juu yake. Juan D'Arienzo baadaye, huyo anakimbiza. Osvaldo Pugliese usimguse mwaka huu.

Mwali wa Newala

Haya, nimekuelewa mzee wangu. Basi dada fundi, kiuno cha sindimba kiache nyumbani. Hapo naona wanaotikisika ni sisi tu, wao wanajisokota.

Fundi wa Chikongola

Shikamoo mzee wangu, nimechelewa lakini imefika. Kitabu kimeanguka mara nyingi hadi jalada limechanika, ila jana wifi kapitisha mguu bila chaki. Kasimama, akautazama, akaniuliza nani kauweka pale. Sura ya kutembea ipo kweli, ukurasa wa 12, nilidhani ni ya wagonjwa.

Bado viatu. Kandambili zinang'ang'ania saruji, na kucheza peku kisigino kinaungua tukigeuka.

Baharia wa Mikindani

Mpelekee fundi viatu jozi ya zamani iliyofungwa vizuri nyuma, abandike soli ya ngozi. Mpira haugeuki. Na saruji ifagieni kwanza, chembe moja ya mchanga inatosha kukwaruza hiyo ngozi.