Testi za kumbukumbu za kompyuta, unajuaje matokeo ni ya kweli?

kipimo_tu: Wakuu, nina matokeo ya wachezaji waliopimwa kumbukumbu na kasi ya kuitikia kwenye kompyuta, mmoja skoo zake ziko chini mno na hajawahi kugongwa kichwa. Ni ubongo kweli au alibonyeza tu yaishe?

mzee_wa_data: Achana na skoo ya jumla kwanza, angalia muda wa jibu moja moja. Chini ya milisekunde 100 huyo kabonyeza kabla hajaona kitu. Halafu zile za kuchagua moja kati ya mbili, hata aliyefumba macho anapata kama nusu, sasa mtu akipata 12 kwa 50 ujue majibu anayajua ila anayakwepa.

dada_saiko: Na wapo wanaofeli makusudi testi ya mwanzo wa msimu, ile ya kulinganishia mtu akigongwa kichwa, ili wakiumia tofauti isionekane, warudi uwanjani fasta. Ila usimhukumu haraka, usingizi mbovu, kutoelewa maelekezo, mausi inayokwama, vyote vinashusha. Arudie, peke yake, chumba kimya.

kipimo_tu: Nimecheki, kuna majibu ya milisekunde 60 yamefuatana. Mbona programu haikutoa tahadhari?

mzee_wa_data: Wengi tu wanaofeli makusudi hizo tahadhari haziwanasi, usizitegemee peke yake.