Naomba ushauri: NAS ya kwanza ya nyumbani (kisanduku cha diski cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani), Synology DS223 au DS224+?

Ndugu wanachama, habari za jioni. Ninaishi Jinja, na picha za familia yetu, pamoja na video za marehemu baba ambazo hazina nakala kwingine, zimetawanyika kwenye diski tatu za nje, moja ikiwa imeanza kugonga na kukataa kufunguka. Nilijaribu kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, lakini bando huisha kabla sijafika mbali.

Nimeamua kununua NAS ya diski mbili na kuzipanga kwa RAID 1, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Kwa kuwa hilo halilindi dhidi ya wizi wala kufuta kwa bahati mbaya, nakala nyingine nitaiweka kwa dada yangu Kampala.

DS223 ina RAM ya gigabaiti 2 isiyoongezeka, ilhali DS224+ huongezwa hadi 6. Je, kwa kuhifadhi picha za simu nne na kutazama video sebuleni, DS223 inatosha? Na kwa kuwa umeme hapa hukatika ghafla, ninunue UPS (betri ya akiba ya umeme) ya ukubwa gani, itakayoiarifu NAS kwa waya wa USB ijizime salama?