Msaada wakuu: kielekeza upepo nilichotengeneza kinatazama upande usio wake

Fundi Bati: Heshima kwenu wakuu. Mimi ni fundi bati na welding, niko Unguja pwani ya mashariki. Nimepata oda ya kile chombo cha juu ya paa kinachozunguka kuonyesha upepo, kama vile vya makanisani vyenye jogoo. Mteja hataki jogoo, anataka jahazi. Nimelikata vizuri, omo (mbele) na tezi (nyuma) vinaonekana, foromali ya kufungia tanga imelala inavyotakiwa, nikapiga rangi ya shaba. Jana nimelipandisha kwenye banda la makuti. Sasa kusi inapiga kutoka baharini, lakini omo unatazama bara! Halikwami, linazunguka laini kabisa. Mteja anarudi Jumamosi na usingizi sipati. Nifanyeje?

Kijiwe Kahawa: Kwani jahazi likipata upepo wa tezini omo si unaelekea kule upepo unakokwenda? Liko sawa hilo. Mwambie mteja jogoo hukabili upepo, jahazi hufuata upepo. Chukua chako uende.

Mama Neema: Kijiwe, usimfundishe mwenzio kula hela ya mtu kwa maneno. Jogoo wa makanisani hakuwekwa kwa urembo, anamkumbusha Mkristo jinsi Petro alivyomkana Bwana. Kule Brescia, Italia, wanaye jogoo wa shaba wa karne ya 9, alikaa juu ya mnara wa kanisa karne nyingi ndipo wakamshusha na kumweka makumbusho. Kazi ya uaminifu hudumu. Mrudie mteja umwambie ukweli.

Msafiri Boston: Umenikumbusha mbali mkuu. Huku Boston, Marekani, juu ya jengo la Faneuil Hall kuna panzi. Ndiyo, panzi! Wa shaba iliyopakwa dhahabu, ana macho ya kioo, yuko juu tangu 1742. Aliyemtengeneza ni fundi kama wewe, Shem Drowne. Wakati wa baridi kali natoka kazini usiku namtazama, naona hata yeye anavumilia. Maisha ya huku jamani, acheni tu.

Nahodha Mstaafu: Tuache panzi kwanza. Fundi, mhimili wa kuzungukia umeupitisha wapi? Na tanga liko mbele ya mhimili au nyuma?

Fundi Bati: Mhimili uko katikati ya urefu, Nahodha, ili lisiinamie upande. Tanga nimelivuta mbele lionekane limejaa upepo. Nyuma kuna usukani tu.

Nahodha Mstaafu: Ndiyo ugonjwa wenyewe. Uzito uwe sawa pande zote mbili, lakini eneo la bati liwe kubwa nyuma ya mhimili. Upepo huusukuma upande wenye bati kubwa uende demani, yaani kule upepo unakokwenda, na upande mdogo unabaki kuukabili. Wewe umefanya kinyume, kwa hiyo tanga linasukumwa na omo unakwenda nalo. Shusha, sogeza mhimili mbele au ongeza bati tezini. Kijiwe, hayo ya kufuata upepo ni ya majini. Kule Athens kuna mnara wa pande nane aliojenga Andronikos kabla ya Kristo, juu yake palikuwa na sanamu ya shaba ya Triton, mungu wa bahari wa Wagiriki, aliyetazama upepo unakotoka. Ndivyo watu wanavyovisoma hivi vyombo tangu zamani hizo.

Fundi Bati: Nashukuru Nahodha, ila kushusha ni kugumu. Nimeshachomelea, rangi imekauka, advansi nimeshanunulia vifaa. Nilichofikiria ni zile herufi za N, S, E na W zilizo chini yake, nizigeuze nusu mzunguko. Omo ukitazama bara, chini pasomeke kusini mashariki. Jibu linakuwa sahihi. Ni pambo tu hili wakuu, nani atakagua?

Binti Makunduchi: Pambo la nani? Nyumba ya mtu, hoteli, shule? Umezunguka uzi mzima hujasema.

Fundi Bati: Ni banda la mwalimu wa kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji. Wanafunzi wake huwa wanatazama kabla ya kuingia majini. Ila nadhani ana vifaa vingine, hategemei hiki pekee.

Binti Makunduchi: Subhanallah. Hilo ndilo la kwanza ulipaswa kuandika! Mwanafunzi aliye ufukweni hasomi herufi, anatazama omo. Siku upepo ukitoka bara, jahazi lako litatazama bahari. Mgeni ataona upepo unatoka baharini, ukimzidi utamrudisha mchangani, kumbe unampeleka nje ya mwamba. Kaka yangu anaendesha boti, amewahi kuwafuata watu kule nje.

Fundi Bati: Nimekuelewa dada. Lakini mwalimu ndiye aliyechora tanga mbele, mimi nimefuata mchoro wake.

Mzee wa Ushahidi: Hii ni chai. Banda la makuti, halafu "nimeshachomelea". Cheche za welding juu ya makuti makavu na kusi hii? Tungekuwa tunasoma habari za moto. Leta picha.

Kijiwe Kahawa: Hahaha chai ya tangawizi! Hata mimi nilinusa mapema.

Msafiri Boston: Na mimi nimeshamwaga machozi yangu ya baridi hapa.

Fundi Bati: Si chai. Bomba la inchi mbili limesimama ardhini, limepita pembeni ya banda. Nilichomelea chini nikiwa nimelilaza, ndipo tukalisimamisha watu wanne. Picha siweki kwa sababu jina la biashara ya mteja liko ubaoni nyuma yake.

Mama Neema: Chai au si chai, yupo fundi mwingine atasoma hapa. Nahodha endelea.

Nahodha Mstaafu: Chora jahazi lako kwenye karatasi ya miraba, hesabu miraba ya mbele ya mhimili na ya nyuma. Ya nyuma izidi wazi. Bati ukiongeza tezini patakuwa pazito, basi funga chubwi (kipande kizito cha kusawazisha) omoni mpaka lilale sawa. Juu ya mhimili weka gololi ya chuma na grisi nyingi, chumvi ya bahari haina huruma. Na kama banda limezungukwa na minazi, rudi kwenye urefu wa bomba. Watu wa hali ya hewa hupima upepo mita 10 juu, mahali peupe.

Fundi Bati: Nimehesabu sasa hivi. Mbele miraba 61, nyuma 38. Nimempigia mwalimu nimemweleza yote, amesema tushuke nalo kesho asubuhi na tanga lihamie nyuma. Nahodha, hiyo chubwi niifunge kwa bolti au niikaze kwa waya?

Nahodha Mstaafu: Bolti mbili na washa. Waya utalegea msimu wa kaskazi haujafika.